Betri ya pikipiki inakufa kila mara: jinsi ya kujua kosa liko wapi kabla ya kununua nyingine

Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huenda kwa betri. Inanunuliwa mpya, mambo yanakwenda vizuri wiki mbili tatu, halafu na hiyo mpya inalala. Betri ni ghala tu. Ghala likiwa tupu, ama limetoboka, ama haliletewi mzigo, ama kuna anayechota usiku. Kila moja ya hali hizo ina kipimo chake, na vyote unaweza kuvifanya nyumbani kwa multimita ya kawaida ya dijitali, spana namba 8 na 10, bisibisi, brashi ya waya na glavu.

Jambo moja kabla ya kugusa chochote. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, na hewa hiyo hulipuka. Sigara na kiberiti vikae mbali. Ukifungua betri, toa waya wa hasi kwanza, na ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Bodi yote ya pikipiki imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikateleza ikagusa fremu, unapata shoti yenye cheche za kutosha kuyeyusha ncha ya spana.

Anza kwa macho

Karibu nusu ya kazi humalizika hapa, ila watu hupaharakisha. Shika kila waya kwenye vichwa vya betri uutikise. Ukicheza hata kidogo, umeshapata mshukiwa. Unga mweupe au wa kijani kwenye kichwa cha betri ni chumvi ya asidi, na umeme haupiti humo vizuri: taa ndogo zitawaka kama kawaida, lakini stata inayohitaji makumi ya ampea itagoma. Osha kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kausha, kaza, kisha paka grisi kidogo juu yake.

Tazama na ganda la betri. Likiwa limevimba ubavuni, betri hiyo imekwisha, na mara nyingi aliyeiua bado yumo ndani ya pikipiki: chaji iliyozidi. Kama ni betri ya vifuniko sita, maji yawe kati ya mstari wa juu na wa chini katika kila chumba. Yakipungua, ongeza maji yaliyokenekwa, wala si asidi. Kinachopungua ni maji tu. Asidi hubaki humo humo, na ukiiongeza itazila pleti, vile vibamba vya risasi vya ndani.

Fyuzi usiiamini kwa kuitazama. Kuna ambazo waya wake umekatika ufa mwembamba kama unywele, na ukiziangalia kwenye mwanga zinaonekana nzima. Ichomoe, pima ncha hadi ncha kwa mlio wa multimita, ile alama inayolia umeme ukipita. Tazama na miguu yake: ikiwa na rangi ya kahawia au plastiki imelainika, kikalio cha fyuzi kimelegea na kinapata moto.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imetulia

Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), kipimo cha 20. Betri iliyotoka kuchajiwa au kuendeshwa hudanganya, huonyesha volti za juu juu ambazo hazina nguvu nyuma yake. Iache saa kadhaa, au washa taa dakika mbili, zima, subiri dakika tano ndipo upime. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haiwaki injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo tumia indiketa na taa ya breki.

Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8, zile zilizofungwa kabisa hufika hata 13.0. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 hakuna kitu humo. Kama ni ya lithiamu, sahau hesabu hizi: kwake 12.8 maana yake imebaki kidogo.

Namba ya kukumbuka kuliko zote ni 10.5. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kina takriban volti 2.1. Ukiichaji usiku kucha kisha ikasoma karibu 10.5, chumba kimoja kimekufa, na hakuna chaja itakayokifufua.

Kipimo cha pili: betri ikibeba mzigo

Betri inaweza kuonyesha 12.7 na bado isiweze kuzungusha stata. Pleti zikishika chumvi ngumu ya salfeti, jambo linalotokea betri ikiachwa muda mrefu bila kujaa, sehemu inayofanya kazi hubaki ndogo. Volti zipo, nguvu haipo. Ndiyo maana mita peke yake bila mzigo haitoshi kutoa hukumu.

Shikilia ncha za mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye waya, kisha bonyeza stata sekunde tatu nne huku ukisoma. Betri nzima iliyojaa haishuki chini ya volti 9.6. Hapo namba na sauti husema pamoja:

Ukisikia tak-tak-tak ya haraka na mita ikaporomoka hadi 7 au 6, betri haina nguvu. Relei ya stata, yaani swichi ya umeme inayoipa stata nguvu, inashika, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inashika tena. Ichaji kwanza kabla ya kuihukumu.

Ukisikia tak moja tu, mita ikabaki 12.4 au zaidi, betri haina kosa. Umeme haufiki kwenye stata: ncha za ndani ya relei zimeungua, waya mnene umelegea, au brashi za stata zimekwisha. Na kama hakuna sauti yoyote, kagua swichi ya kuzima injini kwenye mkono wa kulia, swichi ya klachi na ile ya stendi ya pembeni. Swichi hizi zimefanya watu wengi wanunue betri bure.

Kuna hali ya tatu inayosahaulika. Stata inajikokota, lakini betri inasoma 11. Hamisha ncha moja ya mita: nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, nyeusi ibaki kwenye hasi ya betri, halafu bonyeza stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa hasi unaokwenda kwenye injini una kutu au umelegea. Fungua boliti yake, piga msasa mpaka chuma, funga tena.

Pikipiki ya kiki tupu haina mzigo huo mkubwa. Tumia honi na taa ya breki kwa pamoja, sekunde kumi. Betri ikianguka chini ya 11.5 ndani ya muda huo, imechoka.

Na kuwaka kwa kiki hakuthibitishi kwamba betri ni nzima. Pikipiki nyingi ndogo huchukua umeme wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti (nyuzi za shaba zinazozalisha umeme injini ikizunguka), zinawaka hata betri ikiwa haipo. Zile ambazo CDI yake (kiboksi kinachoamuru cheche ya plagi) inategemea betri, na nyingi za sindano ya mafuta, betri ikiwa chini sana haziwaki hata uzisukume mlima mzima.

Kipimo cha tatu: chaji inaingia?

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakizidi dakika tano. Sharti moja: betri iwe imechajiwa, maana betri tupu huzivuta volti chini na kukufanya umsingizie asiye na hatia.

Washa injini, ncha za mita zikiwa kwenye betri. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila resi, soma, kisha piga resi taratibu hadi mizunguko 5,000 kwa dakika. Kama huna saa ya mizunguko, fikisha mlio wa kutembea kwa mwendo wa kawaida wa barabarani. Mfumo mzima hupanda na kukaa kati ya 13.8 na 14.5, hata taa zikiwa zinawaka. Kwenye sailensa, hasa kwa pikipiki ndogo, kusoma 13 na kitu si ugonjwa.

Ikibaki 12.5 na kuzidi kushuka, chaji haiingii kabisa. Ikifika 13.1 au 13.2 na kukwama hapo ukipiga resi, inaingia nusu: koili moja kati ya tatu imekufa, au kuna waya unaokula umeme njiani. Ikipita 15, zima injini.

Usifanye lile jaribio la zamani la kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka ili kuona kama itazimika. Betri ndiyo inayomeza vilele vya umeme. Ukiitoa, volti zinaruka ghafla, na kinachofuata ni balbu, rektifaya, CDI au kompyuta ya injini kuungua.

Chaji ikizidi

Dalili zake hujitokeza kabla ya mita: balbu zinaungua mara kwa mara, maji ya betri yanaisha haraka, kuna harufu ya mayai viza karibu na kiti, na betri ina joto hata baada ya safari fupi. Mara nyingi mwenye kosa ni rektifaya, kile kiboksi cha alumini chenye mapezi. Kazi yake ni mbili: kugeuza umeme wa AC (unaogeuka-geuka upande) unaotoka kwenye koili uwe DC, na kuzuia volti zisipite kiwango. Kizuizi kikifa, kila kinachozalishwa kinaingia kwenye betri.

Lakini kabla ya kununua kingine, angalia waya wake wa hasi, na kwa baadhi ya pikipiki, waya mwembamba unaoipelekea habari ya volti za betri. Waya huo ukiwa na kutu, rektifaya inaona 13 wakati betri inapokea 15, nayo kwa utiifu inazidi kusukuma.

Chaji isipoingia: nyaya kwanza, koili baadaye

Fuata umeme kutoka kwenye betri kurudi unakotoka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 hivi, weka ncha moja ya mita kwenye waya mwekundu unaotoka kwenye rektifaya na nyingine kwenye chanya ya betri. Hapo unapima volti zinazopotea njiani. Zaidi ya 0.3, kuna kiungo kibovu kati yao: soketi, kikalio cha fyuzi, au mahali ambapo waya ulishaungwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu. Fanya vivyo hivyo kwa hasi. Njia hii inashinda kupima omu (kipimo cha ukinzani wa waya), kwa sababu waya wenye uzi mmoja uliobaki utapita kwa omu na kushindwa kwa mzigo.

Kisha itafute soketi inayounganisha koili za chaji na rektifaya. Kwa pikipiki nyingi ni ile yenye nyaya tatu za njano. Ivute uitazame ndani. Plastiki nyeupe iliyogeuka kahawia kuzunguka tundu moja, pini iliyopoteza mng'ao, harufu ya plastiki iliyoungua: hii huonekana sana kuliko watu wanavyodhani. Pini ililegea, ikapata moto, moto ukazidi kuilegeza. Kubana pini kwa koleo kunakupa wiki chache tu. Kata soketi iliyoungua, rudi nyuma mpaka upate waya unaong'aa, unga kwa lehemu na uzibe kila kiungo kwa mpira wake, au weka soketi mpya yenye pini nene.

Koili

Hapa lazima ujue una mfumo gani, la sivyo utatupa koili nzima.

Mfumo wa nyaya tatu za rangi moja: chomoa soketi, weka mita kwenye omu. Kwanza gusanisha ncha za mita zenyewe, labda zitasoma 0.2, hiyo utaitoa kwenye kila jibu. Pima waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Kawaida ni kati ya 0.1 na 1 omu, na majibu yote matatu yalingane. Kisha pima kila waya dhidi ya chuma cha injini: pasiwe na mlio wala namba yoyote. Ukipata mlio, koili imeshika bodi na inatakiwa ibadilishwe.

Mfumo wa pikipiki ndogo ni tofauti. Mara nyingi una waya mweupe wa chaji na wa njano wa taa, na mwisho wa pili wa koili umefungwa bodi makusudi. Mlio kwenda bodi hapa ni wa kawaida. Unachotafuta ni omu ndogo, si waya uliokatika. Rangi hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo mchoro wa nyaya wa pikipiki yako ndio wa kufuatwa.

Omu hazitoshi, kwa sababu koili iliyoungana yenyewe kwa yenyewe kwa mizunguko michache huonekana nzima. Hamisha mita kwenye volti za AC, kipimo cha 200, soketi ikiwa bado imechomolewa, washa injini. Kwenye mfumo wa nyaya tatu utaona takriban 15 hadi 20 kwenye sailensa, na zaidi ya 50 ukifika mizunguko 5,000. Kinachohesabika zaidi ni usawa: 58, 59, 58 ni koili nzima, 58, 57, 21 ni mbovu hata kama pikipiki inatembea. Volti hizo hupiga mtu, usishike ncha tupu kwa vidole.

Koili ya kubadilishwa utaitambua ukifungua kifuniko: nyuzi zake badala ya rangi ya shaba zimekuwa nyeusi upande mmoja. Pikipiki ambayo koili iko nyuma ya magneti huhitaji pula maalumu, kifaa cha kuivuta magneti itoke. Usiipige nyundo, sumaku hupasuka.

Rektifaya

Yenye diodi za kawaida, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, hupimika. Mita iwe kwenye alama ya diodi, rektifaya imechomolewa. Nyekundu ya mita kwenye kila waya wa njano, nyeusi ya mita kwenye waya mwekundu wa rektifaya: utaona kati ya 0.4 na 0.7. Geuza ncha: pasiwe na kitu. Ikipitisha pande zote mbili, imekufa. Hata hivyo aina nyingine, zikiwemo nyingi za pikipiki ndogo, hazisomeki hivi, kwa hiyo njia ya uhakika ni ya kuondoa: betri nzima, nyaya nzima, koili inatoa AC ya kutosha na sawa, lakini betri haipandi. Hakuna mwingine aliyebaki.

Ukinunua nyingine, soketi kuingia si ushahidi kwamba inafaa. Viboksi vyenye umbo moja huweza kuwa na mpangilio tofauti wa pini, na ya mfumo wa waya mmoja wa chaji haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya nyaya tatu. Ifungie kwenye chuma kitupu, mahali penye upepo. Joto ndilo linaloiua.

Betri inayolala ikiwa imeegeshwa

Chaji inaingia 14.2, betri ni nzima, lakini siku tatu bila kuendesha inalala. Kuna kinachochota. Zima swichi, toa waya wa hasi, weka mita kwenye ampea, tundu la 10A, ncha moja kwenye waya uliotoa na nyingine kwenye kichwa cha hasi. Ikiwa ni kidogo sana, shuka kwenye miliampea. Usiwashe swichi wala kubonyeza stata mita ikiwa hapo. Fyuzi ya mita itaondoka.

Pikipiki isiyo na vikorombwezo haivuti zaidi ya miliampea moja. Yenye saa, chache zaidi. Fanya hesabu uone uzito wake: miliampea 50 kwa saa 24 ni Ah (ampea-saa) 1.2, na betri ndogo ya Ah 5 itakuwa tupu siku ya nne, itashindwa stata hata kabla ya hapo. Chomoa kitu kimoja kimoja huku ukitazama mita. Anza na vilivyoongezwa: soketi ya kuchajia simu iliyounganishwa moja kwa moja na betri, alamu, kifaa cha kufuatilia, taa za ziada. Kama bado, chomoa rektifaya. Diodi inayovuja huirudishia koili umeme usiku kucha.

Kuichaji betri yenyewe

Kanuni ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: Ah 5 ichajiwe kwa ampea 0.5, saa kumi hivi ikiwa tupu. Chaja kubwa ya gari huichemsha. Ikishajaa, itoe, iache hadi kesho yake. Ikikutwa chini ya 12.4 bila kuunganishwa na chochote, imekwisha. Betri mpya inayojazwa asidi dukani nayo iachwe nusu saa inywe, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa. Ikifungwa vile vile, haifiki tena uwezo wake kamili.

Baada ya kutengeneza, pima tena chaji mara mbili: injini ikiwa baridi, na baada ya kuendesha nusu saa. Koili ambayo varnishi yake, ile rangi inayotenganisha nyuzi zake, imeanza kuchoka hutoa 14.2 asubuhi na 12.9 ikishapata moto, kisha ikipoa inajirudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukikuta hivyo, chomoa soketi hapo hapo kabla haijapoa, upime AC tena.